Kiti cha Kushoto

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Na usidhani harusi yangu ilikuwa ya kusahaulika: nilikanyaga shela langu mwenyewe mbele ya mchungaji nikamwangukia msimamizi. Lakini siku hii ninayotaka kukusimulia, siku alipokuja mtu hapa Otonglo kununua viti vya gari la zamani, hakuna aliyeanguka wala aliyepaza sauti. Chai ilinywewa, watu wakapeana mikono, wakaagana kwa heshima. Na ndiyo siku nyumba yetu ilipoharibika. Kaa, nikueleze polepole. Mimi sina haraka ya kwenda popote, sijawahi kuwa nayo.

Wanaonijua watakwambia mimi ni mtu wa nyumbani. Wanaonicheka husema mimi ni kama ile sufuria kubwa, hutolewa nje siku za matanga tu. Ni kweli. Nilimaliza kidato cha nne, cheti changu nikakilaza chini ya godoro, kisha nikalala juu yake, na hapo ndipo elimu yangu ilipofika. Safari yangu ndefu ilikuwa Kondele kununua nyuzi za kushonea vitambaa vya meza, na hata huko nilikuwa narudi na kichwa kinauma. Kwa hiyo nikikushauri juu ya dunia, cheka ukitaka. Juu ya nyumba, nisikilize.

Niliolewa katika boma la Mzee Odero miaka ya themanini ikiwa bado michanga. Nyumba yake iko pale juu kidogo ya barabara ya Busia, mahali ambapo huwezi kupita na kuku kwapani bila kuonekana. Mzee alikuwa fundi wa magari mjini Kisumu, katika gereji ya Mhindi mmoja aliyeitwa Bwana Kanti. Huyu Kanti, katika ujana wake, alinunua kigari cha spoti cha Kiingereza, cha watu wawili tu, kisicho na paa. Alikipenda kuliko anavyofaa mtu kupenda chuma. Kilipozeeka, sakafu ikaoza kwa kutu, viti vyote viwili vikang'olewa ili sakafu ichomelewe upya. Kazi haikuisha. Watoto wa Kanti wakamwita ng'ambo akaishi nao, na gari likauzwa haraka haraka kwa mtu wa Nairobi, likapandishwa lori bila viti. Viti vilibaki stoo nyuma ya matairi makuukuu, vimesahauliwa, mpaka siku ya kufagia na kufunga gereji.

Mzee Odero alipenda kuyarudia maneno aliyoambiwa siku hiyo. Bwana Kanti alimshika bega akasema, "Odero, wewe umelala chini ya magari yangu maisha yako yote. Chukua hii viti, sasa ukae juu."

Vilikuwa viti vya ngozi halisi, rangi ya damu ya mzee, vimejazwa manyoya ya farasi, na kingo zake zimejikunja kwa mbele kama mikono ya mtu anayetaka kukukumbatia lakini anaona haya. Mzee alivipeleka kwa fundi wa kuchomelea huko Kondele, vikatiwa miguu ya chuma, kisha akaviweka kwenye veranda, ubavu kwa ubavu, vikitazama barabara. Chake kulia, kwa sababu dereva hukaa kulia. Cha mkewe kushoto.

Sasa hapa ndipo nilipodhani nimeolewa kwa wendawazimu.

Jioni yangu ya kwanza katika boma lile nilikuwa nachambua sukuma wiki pale nje. Mzee akatoka, akaoga, akavaa koti, akakaa kwenye kiti chake. Mama mkwe wangu naye akaja na leso yake safi, akakaa kwenye chake. Mama alikuwa mtu wa Pap Onditi, upande wa Nyakach, ndiyo maana Mzee hakumwita kwa jina ila Nyar Nyakach, binti wa Nyakach.

"Nyar Nyakach, umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Leo twende wapi?"

"Kwetu. Lakini usikimbize kama jana, uliniangushia kitambaa cha kichwa."

Mzee akanguruma kidogo kooni. Nikatazama huku na huku kutafuta gari. Akapita mtu na baiskeli yake kule chini barabarani, akapaza sauti kama jambo la kila siku: "Mzee! Mmefika wapi?"

"Tuko Ahero! Mama anachagua mchele, unajua hawa watu."

"Mwambie aninunulie kilo moja!"

"Pesa ulete kwanza," Mama akajibu, macho yake mbele, kama mtu aliye safarini kweli.

Hivyo ndivyo walivyokaa jioni zao zote. Gari hawakuwahi kuwa nalo. Pap Onditi yenyewe Mama alikuwa anaenda kwa nadra sana, kwenye misiba, akirudi amechoka. Lakini jioni walikuwa wanafika Katito, wanateremka, wananunua ndizi, wanagombana kidogo juu ya njia. Nami taratibu nikazoea, nikawa naleta chai na kuuliza kama nimpe dereva kwanza au abiria. Mama alikuwa anasema, "Mpe dereva, asije akasinzia akatumwaga mtoni."

Tena kulikuwa na jambo la mgongo. Mgongo wa Mama ulikuwa umeharibika kwa miaka mingi ya kubeba maji na kuinama shambani, na kila kiti cha nyumba ile kilikuwa adui yake. Kile cha kushoto peke yake kilimshika mbavu zote mbili na kumwacha apumue. Shika jambo hilo, kwa sababu sisi tulilijua na bado likatuponyoka.

Mzee akafa. Sitakupeleka huko kwa undani, msiba ni msiba. Akazikwa upande wa kulia wa nyumba yake kama desturi yetu inavyotaka kwa mwenye boma. Siku zilipopita, Mama akarudi kwenye veranda. Alikaa kwenye kiti chake cha kushoto, na cha kulia kikabaki kitupu pembeni yake.

Kile cha kulia hakikuguswa na mtu. Wewe wa siku hizi unaweza kuona ni mchezo, lakini kwetu kiti cha baba mwenye boma si fanicha. Mtoto hakikalii. Mke wa mwana, ndiyo hao wakina mimi, hata kukiegemea ni aibu. Shemeji yangu Ochieng', ndugu mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa anafanya kazi Nakuru, alikifunika kwa kitambaa cheupe na kuniachia amri: "Shemeji, kila Jumapili ukipanguse vumbi." Nikawa nakipangusa nimenyoosha mkono, nimesimama mbali, kama mtu anayemtoa askofu sisimizi begani. Siku moja kuku akataga pale juu. Nilimfukuza, na lile yai likanitia wasiwasi wiki nzima, sikujua kama linaliwa ama linazikwa.

Basi, akaja yule mtu.

Ilikuwa mchana, Ochieng' yuko likizo, ameketi sebuleni na mume wangu Ouma wakizungumza juu ya paa. Nyumba ya Mama ilikuwa inavuja, yetu inavuja, na mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Pikapu ikasimama barabarani, akateremka Mhindi wa makamo, akapanda kilima akihema, akamsalimu Mama kwa Kijaluo kilichonyooka kuliko changu. Jina lake Bwana Nitin, mzaliwa wa Kisumu, sasa anaishi Nairobi. Kisha akaona viti, akasimama.

Sijapata kuona mtu mzima akitazama kiti namna ile. Alipiga magoti mbele ya kile cha kulia, hakukigusa, akauliza kwanza kama anaruhusiwa. Halafu akamtazama Mama aliyekaa kwenye kile kingine, akajikuta amepiga magoti mbele yake pia, akacheka kwa haya.

"Mama, samahani. Nimetafuta hii viti miaka mingi. Askari wa zamani wa gereji ndiye ameniambia Odero alibeba."

Akatoa picha mfukoni. Kigari kile kile, kimerudishiwa rangi, kinang'aa, na ndani yake shimo. Alieleza kwamba alipokuwa mtoto alikuwa anakimbia barabarani kumwona Bwana Kanti akipita nacho mjini. Ukubwani akakipata kwa yule wa Nairobi, kimekuwa skrepa, akakifufua kipande kwa kipande. "Kila kitu nimepata ama nimetengeneza. Viti sijapata. Kampuni haitengenezi tena, na hizi ndizo zilizozaliwa nayo. Nikiweka zingine gari itakuwa kama mtu amevaa meno ya mtu."

Sebuleni tukampa chai. Mama alibaki nje kwenye kiti chake. Dirisha lilikuwa wazi, kila neno letu lilimfikia, na sisi tulijua linamfikia. Bwana Nitin akataja bei yake. Ilikuwa bei ya mtu aliyetafuta miaka mingi. Ouma akatazama dari lenye madoa ya maji, akatazama chini.

Ochieng' akakohoa kikubwa. "Bwana Nitin, asante kwa heshima yako. Lakini kiti cha Baba hakiuzwi. Hata ungeleta hiyo gari yenyewe. Kile ni kiti cha mwenye boma."

"Naelewa," Nitin akasema, na sauti ikamshuka. "Kabisa naelewa." Akanywa chai. Kisha kwa uoga, kama mtu anayeomba maji nyumba ya matajiri: "Na ile ya kushoto?"

Nakuapia, mwanangu, hata sekunde ya kufikiri haikupita.

"Ile?" Ochieng' akasema. "Ile ni ya Mama tu. Ile ni kiti."

Ouma akatikisa kichwa kukubali. Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshaona sofa. Naam, sofa seti kama za pale Kondele, zenye mikono mipana, na vitambaa vyangu vya kushona vimetandazwa juu yake, maana nilikuwa na kabati zima la vitambaa visivyo na mahali pa kulala. Nikasema kwa furaha, "Mama atapata sofa!" Hivyo ndivyo nilivyochangia katika kikao kile, mtu wa kidato cha nne.

Bwana Nitin alisema kimoja kitamsaidia, atampa fundi wa ngozi akifuate kama mfano, amtengenezee cha dereva. Lakini hakutoa pesa papo hapo. Alitoka kwenye veranda, akainama mbele ya Mama.

"Mama, wewe mwenyewe unasemaje?"

Na kabla Mama hajafungua mdomo, Ochieng' aliyekuwa nyuma yake akajibu: "Mama hana shida. Si hivyo, Mama? Paa yako itatengenezwa, na sofa tutakununulia."

Mama alimtazama Ochieng', akamtazama Ouma, akanitazama mimi. "Nyinyi ndio wenye boma sasa," akasema.

Tulisikia ndiyo. Ngoja nikufundishe, kwa sababu shuleni hawafundishi: mama wa kwetu akikwambia wewe ndiye mwenye boma, hajakubali. Amejiondoa tu njiani ili usimkanyage.

Kisha ilibidi asimame, kwa sababu alikuwa amekalia kile kilichouzwa. Alishika mwimo wa mlango, akainuka kwa shida, na Ouma na yule Bwana wakakibeba. Kikafungwa kwa kamba kwenye pikapu, mgongo wake mbele, kwa hiyo kiliondoka kikitutazama. Mama alisimama pale mpaka pikapu ikapotea kwenye kona ya kwenda mjini.

"Miaka yote hiyo," akasema, si kwa mtu yeyote. "Kumbe ndiyo leo kinatoka."

Paa likaezekwa mabati mapya. Sofa ikaja, ya kijani, kubwa kama ng'ombe aliyelala, ikakataa kupita kwenye mlango mpaka ikavuliwa miguu. Nilitandaza vitambaa vyangu. Mama aliikalia siku ya kwanza kwa adabu, akashukuru, ikammeza hadi kiunoni, na ilichukua watu wawili kumtoa. Tena sofa ilikaa sebuleni, ikitazama ukuta na kalenda. Jioni ile Mama alitoka na mkeka, akautandika pale sakafuni kwenye veranda, juu ya alama nne za kutu zilizoachwa na miguu ya chuma, akakaa. Kushoto kwa kiti kitupu.

Kila jioni hivyo. Saruji ya veranda ina baridi hata wakati wa kiangazi. Ikaanza kumuuma Ouma, akajaribu kurekebisha jambo kwa namna wanaume wanavyorekebisha.

"Mama, si ukae basi kwa kile cha Baba? Hakuna atakayesema."

"Cha baba yenu?" Mama akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi sijui kuendesha."

Ouma akaingia ndani. Nilimkuta jikoni akitazama moto ambao haukuwa umewashwa.

Tukaagiza fundi wa mbao atengeneze kiti kinachofanana na kile. Akajitahidi maskini, akaweka sponji, akaweka ngozi ya plastiki nyekundu. Mama akakaa, akakipapasa pembeni, akasema kimetengenezwa vizuri, tumwambie fundi ahsante. Kesho yake alikuwa mkekani. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Nyar Gem," maana mimi kwetu ni Gem, "hicho mlininunulia mimi. Kile tulipewa sisi." Nikaenda kuchuja chai iliyokwisha kuchujwa.

Kisha akaja mjomba. Mzee Okelo wa Pap Onditi, kaka mkubwa wa Mama. Kwetu mjomba akija kwa amani unachinja kuku, na akija kwa hasira unachinja kuku na kuomba. Hatukujua amekuja kwa lipi. Ochieng' alikuwa nyumbani tena wikendi ile, akamkaribisha sebuleni kwenye sofa. Mzee Okelo alisimama mlangoni, akamtazama dada yake mkekani, akatazama kiti kitupu chenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Mimi ndiye niliyekipiga pasi. Halafu yule mzee, na koti lake la kanisani, akateremka taratibu akakaa sakafuni kando ya dada yake.

"Mjomba, hapana, kuna viti," Ochieng' akasema.

"Naona. Hii kiti ni ya nani?"

"Ya Baba."

"Yuko wapi?"

Ochieng' akaonyesha upande wa kulia wa nyumba, penye kaburi. "Amelala pale, Mjomba."

"Amekwambia amechoka kulala, anataka kukaa?"

Ochieng' akatazama viatu vyake.

"Na huyu ni nani?"

"Ni Mama."

"Huyu bado anachoka." Akatoa leso, akajipangusa uso. Hakuwa amepaza sauti hata kidogo; ningefurahi kama angepaza. "Mlipomzika shemeji yangu niliitwa, nikaja, nikalia hapa. Dada yangu mlimzika lini? Mbona sikupata habari?"

Mama akamgusa mkono. "Okelo, wacha watoto."

"Si watoto. Mtoto angekuwa amekuuliza." Akanigeukia mimi, nami nilikuwa nimejibanza nyuma ya nguzo na sinia la ugali. "Na wewe, binti. Unapangusa vumbi ya kiti, huyu nani anampangusa?"

Kuku hakumla. Walikaa pale chini wawili mpaka jua likazama, wakizungumza Kijaluo cha utotoni mwao, kisha akaondoka.

Ouma alipanda basi la Nairobi asubuhi iliyofuata kwenda kukikomboa kile kiti, na kila kilichokuwa kimebaki nyumbani cha kuuzika. Alirudi mikono mitupu. Fundi wa ngozi alikuwa amekifumua kile kiti chote ili akate mfano wake, kisha akakishona upya na kukifunga garini, na gari lilipokamilika Bwana Nitin aliuguliwa na mkewe, akalazimika kuliuza kwa mtu wa ng'ambo. Limepanda meli. Ouma alisema yule Bwana alimsindikiza mpaka kituoni, na pale kituoni akamwambia, "Mimi niliuliza Mama. Nyinyi ndio mlijibu." Hakumwambia kwa ubaya. Ouma alilibeba neno hilo kutoka Nairobi na hakulitua tena; hata miaka ya tisini katikati, nywele zake zikiwa zimeshaingia mvi, nilikuwa namsikia akilisema peke yake akipiga mswaki.

Mama hakuishi sana baada ya hapo. Sitakwambia aliuawa na kiti, daktari alitaja mapafu. Ila najua kwamba mgongo ulianza kumkataza mkeka, mkeka ulipomkataa akahamia kitandani, na kitandani barabara haionekani. Mvua zilikuwa nyingi mwaka huo. Nilikuwa namnywesha uji huku mabati mapya yakipiga kelele juu yetu.

"Hayavuji," nikasema.

"Hayavuji," akakubali. "Yanapiga kelele tu. Nyar Gem, nje kuna nini?"

"Mvua, Mama."

"Najua mvua. Barabarani. Nani anapita?"

Nikaenda dirishani. Hakukuwa na mtu, mvua ile nani angepita. Nikamdanganya kuna lori la Busia na mwanamke mwenye mwavuli. Akafumba macho, akauliza mwavuli wa rangi gani. Nikasema wa bluu. Nikawa nafanya hivyo kila siku, natunga watu barabarani, na yeye anauliza wamebeba nini. Ndiyo kazi nzuri niliyowahi kufanya katika nyumba ile, na nilianza kuifanya ikiwa imechelewa.

Alipokufa akazikwa upande wake, kushoto. Watu walijaa kuliko tulivyotarajia. Kumbe wale waliokuwa wakipita barabarani jioni walikuwa wanajihesabu kuwa ni jamaa. Viti vya kanisa vikaisha, vya shule vikaisha, sofa ya kijani ikatolewa nje ikaloa. Hotuba zilipoanza, bibi kizee mmoja mwenye fimbo, sijui alitoka wapi, alipanda veranda akitetemeka miguu, akaona kiti chenye kitambaa cheupe, akakiendea. Wazee waliokuwa karibu wakashtuka. Ochieng' akasimama ghafla, mimi nikashika mdomo. Akamfikia yule bibi, akamshika mkono. Nilidhani anamwondoa. Akakivuta kile kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti, na kumkalisha mwanamke yule kwenye kiti cha baba yake, akimwegemeza taratibu mpaka mgongo ukafika. Kisha akabaki amesimama nyuma ya kiti, mwanamume mzima wa Nakuru, machozi yakidondoka kwenye tai, na hakurudi mahali pake mpaka jeneza likashuka. Yule bibi alisinzia. Alilala katika hotuba zote, hata ya mchungaji.

Mzee Okelo aliona. Nafikiri hakusamehe. Wengine hawana wajibu wa kusamehe.

Sasa mwanangu, mimi ni mtu wa nyumbani na shauri langu ni la nyumbani. Sisi hatukukosa heshima. Ungetutembelea ungesema ni watoto wema, tazama wanavyokitunza kiti cha baba yao. Tulikosea kwa sababu heshima yetu yote tuliimimina kwa asiyeweza tena kuihisi, na aliyekuwa anapumua tukamwona kama sehemu ya vyombo. Aliyekufa mheshimu, sikukatazi. Lakini kabla hujampigia pasi kitambaa, tazama nani amekaa sakafuni. Na siku mtakapokaa kuamua juu ya vitu vya nyumba, kuuza, kugawa, kuhamisha, usiseme hiki ni cha fulani tu. Nenda ukamuulize fulani. Ukishamuuliza, nyamaza. Usimjibie. Usimtajie paa, usimtajie sofa. Akikwambia amua wewe, ujue bado hujajibiwa. Kaa naye, rudi kesho, uliza tena. Na kama umeshakosea, usingoje mjomba aje.

Mungu akupe uzee, mwanangu, uzee wenye kiti kinachokushika mbavu na watu wanaongoja jibu lako. Akupe masikio mazuri sasa ukiwa kijana, maana baadaye hayasaidii sana. Abariki mikono yako isiuze kitu ambacho mtu bado amekikalia. Uende kwa amani, na ukifika kwenu, kabla hujavua viatu, msalimie mama yako kwanza na umsikilize anachosema.